Kelele za kiwandani: kiwango salama ni kipi, na kwa saa ngapi?

"Nina umri wa miaka 34 na huu ni mwaka wangu wa saba katika kiwanda cha misumari hapa Nairobi. Zamu yangu ni ya saa 12, siku sita kwa wiki, na nikitoa muda wa chakula na wa kupokezana zamu, huwa karibu na mashine kwa saa 10 hivi. Nilipakua programu ya kupima kelele kwenye simu, ikanionyesha 91. Nilipomweleza msimamizi wangu, alisema sheria ya Kenya inaruhusu 90, kwa hiyo tumezidisha moja tu, na moja si kitu. Mafundi wa zamani wanasema sikio huzoea, na kweli siku hizi kelele hainisumbui kama nilivyoanza. Lakini jioni nikifika nyumbani masikio hunivuma, kisha asubuhi huwa sawa. Huwa naziba kwa pamba. Mke wangu analalamika kwamba naongeza sauti ya televisheni kupita kiasi. Kiwango salama hasa ni kipi? Na je, niache kazi?"

Ndugu yangu, swali lako lina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni la kisheria, yaani kama kiwanda chenu kimevuka mpaka. La pili ni la kiafya, yaani kama masikio yako yanaharibika. Msimamizi wako alijibu la kwanza tu, na jibu lake si sahihi hata kwa sheria hiyohiyo aliyoitaja. Ili usisome ukiwa roho juu, jibu langu kwa ufupi ni hili: kwa kelele ya desibeli 91, muda ambao wataalamu wengi wa afya ya kazi wangekubali mtu akae bila kinga ni saa 2 kwa siku, nawe unakaa saa 10. Dalili ulizozitaja zinalingana na hesabu hiyo. Sioni sababu ya kuacha kazi kesho, lakini naona sababu ya kutosha ya kutoiacha hali hii iendelee hivi hata kwa mwezi mmoja zaidi.

Tuanze na hiyo "moja si kitu". Desibeli hazihesabiwi kama kilo za waya au shilingi. Ni kipimo cha kuzidisha: kila zikiongezeka 3, nishati ya sauti inayoingia sikioni huwa imeongezeka maradufu, zikiongezeka 10, nishati imekuwa mara kumi, zikiongezeka 20, mara mia. Kutoka 85 hadi 91 kunaonekana kuwa hatua sita ndogo, kumbe nishati imekuwa mara nne. Tatizo ni kwamba ubongo hausikii hivyo. Ongezeko la desibeli 3 mtu hulitambua kwa shida, na huhitaji ongezeko la 10 hivi ndipo aone kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili. Madhara, kwa hiyo, hupanda haraka kuliko kero, na ndiyo maana mtu anaweza kusimama siku nzima katika kelele inayomdhuru asione kitu cha ajabu. Hesabu hiyo hufanya kazi upande wa pili pia. Mkizima mashine moja kati ya mbili zinazofanana, mita itashuka kwa 3 tu na wenzako watasema hakuna kilichobadilika, ilhali mzigo wa masikio yao umepungua kwa nusu.

Kinachodhuru sikio ni nishati hiyo pamoja na muda ambao sikio linaipokea. Kwa sababu hiyo wataalamu huzungumzia dozi ya kelele, na dozi haijulikani mpaka ujue kiwango na saa kwa pamoja. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza desibeli 85 kwa muda wa saa 8. Kelele ikipanda kwa 3, muda unakatwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, 97 kwa nusu saa, na 100 kwa dakika 15 tu. Mtu akikwambia kwamba kiwango salama ni 85 bila kutaja saa, amekupa nusu ya jibu. Wewe, kwa saa zako 10 kwenye 91, unamaliza dozi ya siku kabla hata ya chai ya saa nne, halafu unaendelea kupokea nyingine nne. Tukiitandaza kelele yako yote juu ya siku ya kawaida ya saa 8, inakuwa sawa na desibeli 92.

Sasa turudi kwa sheria. Kanuni za Kenya za kuzuia na kudhibiti kelele katika viwanda na mahali pengine pa kazi, zilizotolewa mwaka 2005, zinasema kweli kwamba mfanyakazi asikabiliwe na kelele inayozidi desibeli 90. Lakini hazikuishia hapo. Zinasema ni 90 kwa wastani linganifu wa saa 8 ndani ya saa 24, na kwamba mshindo wa ghafla usipite 140 wakati wowote. Neno la msingi hapo ni wastani wa saa 8. Ukiwa kwenye 91, wastani huo unafikiwa baada ya saa 6 na dakika 20 hivi; saa zako zinazobaki zote ziko nje ya sheria ikiwa huna kinga inayofaa. Zaidi ya hayo, kanuni hizohizo zinamtaka mwajiri aanzishe mpango wa kuhifadhi usikivu mara tu kelele inapozidi 85: kupima kelele, kufundisha wafanyakazi, kuweka mabango ya tahadhari, kutoa kinga, kupima masikio. Kwa hiyo hata kama mita ingesoma 89 kamili, bado msimamizi wako angekuwa na kazi ya kufanya.

Pengine utauliza kwa nini namba zinatofautiana, 85 hapa na 90 pale, kana kwamba masikio ya nchi moja ni magumu kuliko ya nyingine. Sababu ni kwamba mipaka hii ni mapatano kati ya afya na gharama, si mstari ambao maumbile yameuchora. Sheria ya Marekani yenyewe bado inaruhusu 90 kwa saa 8, tena inakata muda nusu kwa kila ongezeko la 5 badala ya 3, jambo ambalo wanasayansi wake wamelipinga kwa miaka mingi. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2003, unamtaka mwajiri aanze kuchukua hatua kwenye 80, aongeze hatua kwenye 85, na asiruhusu zaidi ya 87 ifike sikioni hata baada ya kuhesabu kinga aliyoivaa mfanyakazi. NIOSH ilipokokotoa upya hatari hiyo mwaka 1998, ilikadiria kwamba kati ya watu 100 wanaofanya kazi miaka 40 kwenye wastani wa desibeli 90, takriban 25 watapata upungufu mkubwa wa usikivu kwa sababu ya kelele pekee, mbali na wale ambao wangeupata kwa uzee. Kwenye 85 wanakuwa 8. Kwenye 80 anabaki 1. Ukitafuta kiwango salama kwa maana ya kutomdhuru mtu yeyote, basi kiko karibu na 80 au chini yake, na 85 ni kiwango ambacho jamii imekubali kupoteza masikio ya wachache. Binafsi, ninapopanga ulinzi wa karakana au kiwanda, 80 ndipo ninapoanza kuwa mwangalifu, na 85 ni dari. Hiyo 90 huitumia ninapozungumza na wanasheria.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona namba hizi zikiwa watu. Utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta wastani wa kelele wa takriban desibeli 92, yaani palepale ulipo wewe, na karibu nusu yao walikuwa na upungufu wa usikivu, ikilinganishwa na karibu theluthi ya walimu waliopimwa kama kundi la kulinganishia.

Kuhusu sikio kuzoea, hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu imani hii imewaharibu watu wengi kuliko mashine mbovu. Sauti hupita katika tundu la sikio, ikatikisa kiwambo, mtikisiko ukapokelewa na vifupa vitatu vidogo, kisha ukaingia katika kokilea, ambayo ni mrija mwembamba uliojiviringisha na kujaa majimaji. Ndani ya kokilea ya kila sikio mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno juu yake. Majimaji yakitikisika, vinyweleo hupinda, na kupinda huko ndiko kunakogeuzwa kuwa ishara ya kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa huvipinda kwa nguvu na bila kupumzika, na seli hutumia nishati nyingi kuliko damu inavyoweza kuzipelekea. Takataka za kikemikali hulundikana ndani yake, nazo huvimba. Zikipata utulivu wa kutosha hurudi katika hali yake. Zisipoupata, siku baada ya siku, hufa, na kwa binadamu seli hizi zikifa hazioti tena. Hakuna dawa, dripu wala mafuta ya kudondosha yanayozirudisha, na yeyote anayekuuzia kitu cha namna hiyo anakula pesa yako bure.

Ni kweli kwamba sikio lina misuli midogo inayokaza vifupa vile sauti inapokuwa kubwa, na labda mafundi wako wamewahi kusikia jambo hilo. Lakini misuli hiyo huchoka, na tena huchelewa: kwa mshindo mfupi kama wa nyundo ya mashine ya misumari inapogonga kichwa cha waya, sauti huwa imeshapita kabla misuli haijajibu. Yale wanayoyaita mazoea ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni ubongo kuacha kuitilia maanani sauti isiyobadilika, jambo ambalo halipunguzi madhara hata chembe. La pili ni baya zaidi: kelele haiwasumbui kama zamani kwa sababu sehemu ya kelele hiyo hawaisikii tena. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika zaidi ya miaka 300 iliyopita kuhusu wafua shaba wa Venice waliokuwa wakizeeka wakiwa viziwi. Kama sikio lingekuwa na uwezo wa kuzoea nyundo, lingekuwa limezoea kwa hao, na kwa wafua mabati wa Kamukunji pia.

Uharibifu huu hauanzi kwenye sauti zote kwa pamoja. Huanza kwenye masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, hasa karibu na hetsi 4000 (hetsi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), kwa sehemu kwa sababu umbo la tundu la sikio hukuza sauti za karibu na masafa hayo kabla hazijafika ndani. Na masafa ya juu ndiyo yanayobeba konsonanti kali kama s, t, f, ch na sh, wakati irabu hukaa chini, ambako sikio lako bado ni zima. Matokeo yake ni malalamiko ambayo kila mpima masikio huyafahamu: "Nasikia watu wanaongea, ila sielewi wanasema nini." Chukua maneno sita na tisa. Irabu zake ni zilezile, i halafu a, na kinachoyatofautisha ni mpangilio wa s na t tu. Mtu aliyeanza kupoteza masafa ya juu huambiwa bei sokoni akajibu nyingine, na mara nyingi humlaumu muuzaji kwa kumumunya maneno. Televisheni yako ni habari hiyohiyo: unaongeza sauti ili uzipate konsonanti, lakini irabu nazo zinapanda, na mkeo ambaye masikio yake ni mazima anaona unapiga kelele nyumba nzima. Malalamiko ya mke ni kipimo kizuri kuliko watu wengi wanavyokiri. Usiyapuuze.

Sasa huo uvumi wa jioni. Masikio yakivuma au kuhisi kama yameziba baada ya kazi, kisha yakafunguka baada ya saa kadhaa, hiyo huitwa kupungua kwa usikivu kwa muda, na maana yake ni kwamba dozi ya siku hiyo ilizidi uwezo wa seli. Ni habari njema kwa upande mmoja, kwa kuwa seli nyingi bado zinaweza kurudi. Lakini asubuhi tulivu si cheti cha afya. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba baada ya kelele ya namna hii kipimo cha usikivu kinaweza kurudi kuwa cha kawaida kabisa, ilhali viungo kati ya seli na neva ya usikivu vimekatika moja kwa moja. Panya si binadamu, na bado kuna mjadala kuhusu ukubwa wa jambo hili kwetu, lakini inatosha kutufanya tusidhani kwamba kilichotulia kimepona. Angalia pia muda wa kupona. Kama zamani uvumi uliisha kabla ya chakula cha jioni na sasa unalala nao, au ukifika Jumapili jioni bado upo, basi unaelekea kwenye ule usioondoka. Na utulivu unaouhitaji uwe utulivu kweli: ukitoka kiwandani ukapanda matatu yenye spika chini ya kiti, kisha ukavaa visikizi vya simu, masikio yako hayajatoka kazini.

Kuhusu namba ya 91, ichukue kama dalili, si kama hukumu. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayezungumza, na simu nyingi hupunguza zenyewe sauti inapokuwa kubwa, hivyo huweza kusoma chini ya ukweli, hasa kwenye mishindo. Mashine za misumari hugonga, na katika mashine ya kugonga ningeshangaa zaidi kama kipimo halisi kingekuwa chini ya 91 kuliko juu yake. Kipimo cha maana hufanywa kwa dosimita, kifaa kidogo kinachobanwa begani mwa mfanyakazi karibu na sikio na kukaa hapo zamu nzima, kikijumlisha kelele popote anapokwenda. Wakati unasubiri kipimo hicho, kuna jaribio lisilohitaji kifaa: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye mita 2 kutoka kwako akusikie vizuri, kelele iko karibu na 85, ikiwa unapaza sauti kwa mtu aliye mita 1, iko karibu na 90 au zaidi.

Pamba iache leo. Pamba ya kawaida ina mianya mingi mno, hupunguza kelele kidogo sana, na ubaya wake mkubwa ni kukupa moyo kwamba umejikinga. Unachohitaji ni vizibo vya sponji vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo au vifunika masikio vya kombe, na kwa mujibu wa sheria mwajiri ndiye anayepaswa kuvitoa. Kwa kelele yako, aina yoyote ya kawaida inayovaliwa sawasawa inatosha. Lengo ni kelele inayofika sikioni iwe kati ya 70 na 80. Usitafute vile vyenye namba kubwa ya kupunguza kelele kuliko vyote dukani, kwa maana ukiziba mno hutasikia forklifti ikirudi nyuma, wala mlio wa mashine inapoanza kuharibika, na utaishia kuvivua. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya maabara. Katika matumizi ya kila siku, NIOSH hushauri kuikata nusu kwa vizibo vya sponji, kwa sababu watu wengi huviingiza nusunusu.

Namna ya kuviingiza ndiyo inayoamua kila kitu, nami nashangaa jinsi viwanda vinavyogawa vizibo kwa maboksi bila kumwonyesha mtu hata mara moja. Nawa mikono kwanza. Viringisha kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, uvute sikio kuelekea juu na nyuma, jambo linalonyoosha tundu la sikio, kisha ingiza kizibo mara moja kikiwa bado chembamba. Kishikilie kwa kidole kwa sekunde 20 hadi 30 kikiwa kinatanuka. Kikikaa vizuri, mtu anayekutazama usoni hataona sehemu kubwa ikichomoza, na sauti yako mwenyewe itakuwa nzito kama unazungumza ndani ya pipa. Kisha ziba masikio kwa viganja juu ya vizibo: kelele ikipungua sana ulipoweka viganja, vizibo havijakaa, anza tena.

Na visitoke. Hapa ndipo hesabu ya desibeli inapowashangaza hata mafundi wenye bidii. Kinga inayopunguza desibeli 30, ukiivua kwa nusu saa tu katika saa 8, inashuka kuwa sawa na kinga ya 12. Ukivua dakika 5 katika kila saa ili kuzungumza na mwenzako, inakuwa sawa na ya 11 hivi. Nishati unayoipokea katika dakika hizo chache inazidi kwa mbali yote inayopenya kwenye kinga muda wote uliobaki. Mkitaka kuzungumza, ondokeni kwanza kwenye ukumbi wa mashine.

Hata hivyo nisingependa uishie kwenye vizibo, kwa sababu vizibo ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Huhamishia mzigo kwa mfanyakazi na kuiacha kelele ilivyo. Nenda ukaangalie mahali misumari inapoangukia. Kama inaanguka kwenye sinia tupu la chuma, sehemu kubwa ya ule mlio mkali inatoka pale, na kulitandika sinia kwa mpira mzito au kufupisha umbali wa kuanguka ni kazi ndogo. Angalia hewa ya kompresa inayotoka wazi ikipiga filimbi. Kuna vifaa vidogo vya kuweka mdomoni mwake vya kuituliza. Beringi zilizochoka, boliti zilizolegea na mabati yanayotetemeka huongeza kelele na wakati huohuo hufupisha maisha ya mashine, na hiyo ni lugha ambayo mwenye kiwanda huielewa upesi. Kuzijengea mashine kizuizi au chumba ni ghali zaidi. Kuwazungusha wafanyakazi ili kila mmoja akae muda mfupi karibu na mashine husaidia pale tu ambapo upande wa pili ni mtulivu kweli. Vinginevyo ni kuwagawia watu wengi zaidi madhara.

Namna ya kulipeleka jambo hili ni muhimu, kwa kuwa una familia ya kulisha. Usirudi kwa msimamizi na ugomvi wa 90 na 91. Kiwanda chenye watu 20 au zaidi kinatakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 kiwe na kamati ya usalama na afya. Peleka ombi lako huko, kwa maandishi, ukiomba mambo mawili: ripoti ya kipimo cha kelele cha eneo lenu, na kipimo cha usikivu kwa wote wanaofanya kazi hapo. Mkiwa wengi mnaoomba, ni bora. Ikishindikana, ofisi za DOSHS, idara ya serikali inayosimamia usalama na afya kazini, hupokea malalamiko na zina mamlaka ya kukagua. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumfukuza au kumwadhibu mtu kwa sababu tu amelalamikia hatari ya kazini, ingawa nakiri kwamba kati ya sheria kusema hivyo na wewe kulala usingizi kuna umbali. Weka nakala ya kila karatasi nyumbani.

Wewe mwenyewe nenda ukapimwe usikivu mwezi huu, kwa mtaalamu wa usikivu au katika kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Nenda asubuhi ya siku ya mapumziko, baada ya angalau saa 14 bila kelele, la sivyo kipimo kitapima uchovu wa jana. Omba karatasi ya odiogramu yenyewe, yaani mchoro wa matokeo ya kipimo, usikubali kuambiwa tu kwamba uko sawa. Mwonyeshe daktari kama kuna bonde kati ya hetsi 3000 na 6000, kwa kuwa hiyo ndiyo alama ya kawaida ya kelele. Mweleze dawa ulizowahi kutumia, hasa sindano za streptomaisini, kanamaisini au jentamaisini, pamoja na kwinini, na kama kazini unavuta mvuke wa tina au rangi, maana baadhi ya dawa na viyeyushi huharibu seli zilezile na vikikutana na kelele huongezeana nguvu. Inawezekana pia akakuta nta imeziba sikio moja, nawe ukapata nafuu kidogo siku hiyohiyo. Kipimo kikionyesha upungufu unaotokana na kazi, kiandikwe hivyo na mwajiri ajulishwe rasmi, kwa sababu Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ile mnayoiita WIBA, inahusu pia magonjwa yanayosababishwa na kazi, na madai bila karatasi ni maneno matupu.

Kuacha kazi ni swali ambalo odiogramu na mwajiri wako watalijibu kuliko mimi. Ikiwa kipimo ni kizuri au kimeharibika kidogo, ukapata kinga nzuri na ukaivaa, unaweza kuendelea kwa miaka mingi bila kupoteza zaidi, kwani madhara ya kelele huacha kuongezeka kelele inapokoma kufika sikioni. Ikiwa tayari kuna upungufu mkubwa kwenye hetsi 2000 na 3000, au kipimo cha mwaka ujao kikishuka kwa wastani wa desibeli 10 licha ya kinga, ningekushauri uombe kuhamishiwa stoo, upakiaji au kazi nyingine nje ya ukumbi huo, na mwajiri akikataa, hapo ndipo uanze kutafuta kwingine ukiwa bado na mshahara. Kifaa cha kusaidia kusikia humsaidia mtu kweli, lakini hukuza sauti tu. Hakirudishi ule ukali wa kutofautisha maneno penye watu wengi, kwa hiyo usikihesabu kama akiba ya baadaye.

Kuna hali chache ambazo hazisubiri siku ya mapumziko wala kamati. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura: nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu matibabu ya steroidi yana nafasi nzuri zaidi yakianza mapema, ndani ya siku chache za mwanzo, na wengi huipoteza nafasi hiyo wakidhani ni nta au mafua. Uvumi wa sikio moja pekee usioisha, uvumi unaokwenda na mapigo ya moyo, kizunguzungu cha kuhisi chumba kinazunguka, maumivu, usaha au damu kutoka sikioni, vyote hivyo vinahitaji daktari wa masikio, na haifai kudhania kwamba ni mashine. Ukiwa na usaha au kidonda sikioni usiingize vizibo kabisa mpaka upone. Omba vifunika masikio vya kombe kwa kipindi hicho, au ukae nje ya ukumbi.